Harambee ya vijana waingie chuo cha ufundi: tulipe karo ama tununue vifaa?

LikoniKwetu:
Asalaam aleikum wana Mombasa. Huku Likoni tuna chama chetu, wengi wetu ni watu wa bodaboda na kina mama wauza mahamri na viazi karai. Tunaona madogo wengi sana wamemaliza fomu foo wamepata D ama E, sasa ni maskani asubuhi mpaka usiku na wazazi washakata tamaa wasema huyu ashafeli maisha. Na kumbe hata mwenye E anachukuliwa kozi ya atisani, ile ngazi ya kwanza ya ufundi, mwenye D plain aingia krafti, ngazi inayofuata, C minus diploma, hawajaambiwa tu. Sasa twataka kufanya harambee tupeleke kundi la kwanza chuo cha ufundi cha kaunti, kuchomelea, umeme, mabomba, ushoni. Kamati imegawanyika, wengine wasema tulipe karo, wengine tununue vifaa tupeleke chuoni. Nyinyi mlio na uzoefu mwaonaje? Na pesa zikae wapi watu wasije wakasema zimeliwa?

fundi_wa_changamwe:
Waaleikum salaam ndugu yangu. Mimi nina karakana ya vyuma na kila mwaka nachukua vijana wa atachimenti, yaani wanafunzi wa chuo wanaokuja kujifunza kazini, kwa hivyo nikwambie nnachokiona kwa macho yangu. Kijana anakuja na karatasi yake nzuri ya chuo, nampa mashine, akigusa tu, rodi ya kuchomelea imeganda kwenye chuma, anaivuta inatoka na ganda lote, anajaribu tena inaganda tena. Si mjinga, ni kwamba chuoni walikuwa darasa zima na mashine moja na kila mtu alichoma rodi moja akampisha mwenzake. Mkono wa kuchomelea haupatikani kwa kuandika notisi, lazima uchome pakiti na pakiti mpaka sikio lako lijue sauti ya moto uliokaa sawa. Kwa hivyo mkilipa karo peke yake mtakuwa mmenunua cheti. Karo kwa kweli ndiyo ina watu wengi wa kuisaidia, kuna basari, kuna mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ambao siku hizi wa vyuo vya ufundi pia waomba, lakini hakuna mtu anayetoa basari ya rodi, glavu na kioo cha kukinga macho. Na nauli! Feri ukivuka kwa miguu ni bure lakini ukishafika upande wa kisiwani bado kuna matatu, bado kuna chakula cha mchana, na hapo ndipo wengi huacha chuo katikati, si kwa karo.
Jambo lingine, si lazima kila kitu kiwe pesa. Zungukeni karakana za Changamwe na Shimanzi muombe vipande vya vyuma vinavyobaki, sisi vinatujazia nafasi tu, tunauzia watu wa skrepa kwa kilo. Kwa mwanafunzi hiyo ni dhahabu.

bint_kisauni:
Kaka fundi umesema kweli tupu, naongezea kidogo. Msimpe kijana pesa mkononi wala mzazi, lipeni kwa akaunti ya chuo na jina na namba yake ya admisheni, kwa hivyo kwanza wasajiliwe wapate barua, hata basari hawatoi bila hiyo barua. Pesa ziingie kwa Paybill ya chama ama M-Changa, ule mtandao wa kuchangisha pesa kwa simu, kutoa wasaini watu watatu, na kila wiki mtu atume statimenti kwa grupu bila kuombwa.
Halafu jamani msiwasahau wasichana walio na watoto. Hapa mtaani kwetu nawajua wenye akili nzuri kabisa wanataka kusoma ila mtoto watamwacha na nani? Nimeona katika katiba ya 2010, ile jedwali ya nne, vyuo vya ufundi vya vijiji na sehemu za kulelea watoto vimewekwa pamoja mstari mmoja chini ya kaunti. Kwa hivyo mkienda kwa MCA wenu, mwakilishi wa wadi, msiombe darasa peke yake, ombeni na chumba cha watoto hapo hapo chuoni, ni haki yenu kuuliza.

Mzee wa Tudor:
Wanangu mwanifurahisha. Hii Technical University of Mombasa mnayoiona hapa Tudor yenyewe ilianza kwa michango. Enzi hizo ikiitwa MIOME, yaani Mombasa Institute of Muslim Education, alichanga Sultani wa Zanzibar, akachanga Aga Khan, wakachanga Mabohora, ikafunguliwa mwanzo wa miaka ya 50 vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Baadaye ikawa polyteknik ya watu wote. Kwa hivyo msione mchango wa mama wa mahamri ni mdogo.
Sasa, makampuni. Kila mwajiri analipa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya kazi, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, pesa ya mafunzo, na akifundisha watu wake anaweza kudai arudishiwe sehemu. Kwa hivyo mkienda kwao msianze na kuomba hela, ombeni nafasi za atachimenti zilizoandikwa kwa barua, vijana wangapi, mwezi gani, fundi gani atawasimamia. Na wale ambao tayari wanajua kazi ya jua kali lakini hawana karatasi, hao msiwarudishe darasani miaka miwili, walipieni mtihani wa NITA wa gredi ya tatu wapande wenyewe hadi ya kwanza.

LikoniKwetu:
Shikamoo mzee wangu, na shukran nyote, Mungu awalipe. Nimeisomea kamati yote haya. Tumeonelea karo tutafute basari na HELB kwanza, harambee iwe ya nauli, vifaa na mtihani wa gredi, na kina mama wamekubali kwa sauti moja pesa ya mtoto iwekwe kwa bajeti. Fundi, hivyo vipande vya vyuma tukija na tuktuk vitatosha kubeba?

fundi_wa_changamwe:
Tuktuk haiwezi babu, tafuteni pikapu. Njooni Jumamosi baada ya Alasiri, na mje na hao vijana wapakie wenyewe, niwaone mikono.