Andalio la somo linalozidi dakika 35

Swali (Malindi): Walimu wenzangu, andalio langu la Sayansi hujaa shughuli, na kipindi huisha kabla wanafunzi hawajaeleza walichokiona. Nipunguze wapi?

Jibu (Lamu): Mwalimu, anzia kwenye matokeo yanayotarajiwa: amua mwanafunzi ataonyesha nini mwishoni, kisha ufute shughuli yoyote isiyomfikisha hapo, hata kama ndiyo uipendayo. Kwa mada ya kuelea na kuzama, kifuu cha nazi, msumari na beseni la maji kwa kila kundi vyatosha, mradi waandike ubashiri wao kabla ya kugusa maji.

Jibu (mwalimu mwingine, Malindi): Naafiki, ila mpango wa SMASSE, wa kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na Sayansi katika shule za sekondari nchini Kenya, ulioanza mwaka 1998, ulisisitiza pia kupanga, kutekeleza, kutathmini na kuboresha. Ili kutathmini, mwalike mwenzako akae nyuma ya darasa anukuu maneno ya wanafunzi, si kasoro zako.