Mrejesho: Shahada yangu iliyoandikwa kwa Kireno na kazi ya ushauri nasaha Mtwara

Ndugu zangu, ni mimi yule dada wa Pemba (ile ya Msumbiji, si ya karafuu) niliyewauliza nifanye nini na shahada yangu ya saikolojia baada ya kuolewa huku Mtwara.

Wengi mlisema nianzie TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ili shahada itambuliwe. Kweli kabisa, ila hakuna aliyenigusia habari ya tafsiri! Vyeti vyangu vyote ni vya Kireno. Nililipia tafsiri ya kwanza, ikakataliwa kwa kukosa muhuri unaotakiwa, nikalipa tena. Siku hiyo nililia. Baadaye utambuzi ulitoka, na taasisi iliyokubali kuniajiri ikaniombea kibali cha kazi. Nimeanza.

Sasa kazi yenyewe. Nilidhani Kimakonde changu cha ng'ambo ya Ruvuma kitanifungulia kila mlango. Kinasaidia, lakini mama mmoja alinisikiliza weee, halafu akauliza: "Mwanangu, na wewe kungwi wako nani?" Sikuwa na jibu. Chuoni hatukufundishwa kwamba utakuta watu wana washauri wao tangu unyagoni. Siku hizi nikifika kijiji kipya, namtafuta kwanza kungwi, nakaa mkekani, naulizwa maswali mimi.

Msimu wa korosho ndio huo unakuja. Wenzangu wananionya kwamba pesa zikiingia, na kesi za ndoa zinaingia. Aliyewahi kuzishughulikia, naomba uzoefu wako mapema.