Naomba ushauri: fonti ya Impact kwenye bango, herufi zinaziba
Wakuu habari za leo, niko Mwanjelwa hapa Mbeya natengeneza mabango. Kuna mama anauza mchele wa Kyela nimemtolea bango kwa Impact, naipenda sana ile fonti, Geoffrey Lee aliichora huko Uingereza ikatoka 1965 enzi za herufi za chuma, nene halafu zimebanana, kwa vichwa vya habari ni yenyewe. Sasa ukiwa karibu iko poa ila ukivuka tu barabara vitundu vya "e" na "a" vinaziba, neno mchele halisomeki, na ukungu wa asubuhi ndo kabisaa. Niachanishe herufi kidogo, niandike kwa herufi kubwa tupu, au nihamie fonti ya Oswald? Nataka nimtolee bango upya kwa gharama yangu kabla ya Jumamosi, roho inaniuma kwa kweli.