Mdogo wangu anabadilishiwa nyonga: ya saruji au ya titani yenye kauri? Naombeni ushauri

Dada_Nkuhungu
Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31, ni seremala hapa Dodoma, na ana selimundu tangu utotoni. Kichwa cha mfupa wa paja la kushoto kimekufa kwa kukosa damu. Anachechemea, usiku halali kwa maumivu. Daktari bingwa amesema dawa ni kubadilisha nyonga, akatupa njia mbili: kipandikizi kinachoshikizwa kwa saruji ya mifupa, au cha titani (aina ya metali) kisicho na saruji, ambacho mfupa wenyewe hukua ukakishika. Hicho cha pili bei yake imesimama kweli. Kwenye makadirio wameandika "titani" na "seramiki", yaani kauri. Baba mdogo kutoka Kongwa amegoma: kauri ni kauri, sahani ikidondoka inapasuka, itakuwaje kwa mtu anayebeba mbao? Familia inasubiri neno langu. Anayelijua jambo hili anisaidie, tafadhali.

Mzee wa Mpwapwa
Pole sana binti yangu. Mke wangu alivunjika nyonga uzeeni, akawekewa ya saruji, na kanisani anakwenda kwa miguu yake. Msiuze shamba kwa sababu tu kitu ni ghali.

Msaidizi_Theatre
Shikamoo mzee. Kwa mama ulikuwa uamuzi mzuri: mfupa wa uzeeni umedhoofika, na saruji hushika palepale mezani. Kijana wa miaka 31 ni habari nyingine. Nyonga hiyo itatumika miongo, na saruji ikija kulegea, kuichokoa ndani ya paja ni kazi nzito.

Dada, hofu ya baba mdogo isipuuzwe, ila kwanza mjue kauri hiyo iko wapi. Nyonga moja inaweza kuwa na kauri mbili zenye kazi zinazopingana. Ya kwanza ni kile kichwa cha duara, cha alumina au zirkonia iliyochanganywa na alumina. Ni ngumu na laini mno, mfupa hauishiki, na hautakiwi kuishika, maana kazi yake ni kuteleza. Hiyo ndiyo inayoweza kupasuka, ingawa kwa kauri za siku hizi ni nadra sana.

Ya pili ni utando wa haidroksiapatiti juu ya shina la titani, ile sehemu ya kipandikizi inayoingia ndani ya mfupa wa paja. Hiyo ni kalsiamu na fosfeti, ndugu wa karibu kabisa wa madini yanayoujenga mfupa wetu. Kiwandani hupulizwa kwa joto kali ikagandana na chuma, kwa kawaida unene wa mikroni 50 hadi 200 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Seli zinazojenga mfupa zikifika pale hujishika na kuanza kuweka madini mapya moja kwa moja. Uzito wa mbao unabebwa na titani, si na utando.

Na titani yenyewe mfupa unaipenda. Mwaka 1952 huko Sweden, Per-Ingvar Brånemark aliweka vifaa vya titani kwenye mifupa ya sungura, na alipotaka kuvitoa vikagoma, mfupa ulikuwa umevishika. Titani ikikutana na hewa hujivika oksidi nyembamba sana ambayo mwili hauigombi. Uso wake ukiwa na mikwaruzo na vitundu, mfupa huingia humo.

Sasa nisikilizeni hapa. Wiki za mwanzo shina halitakiwi kuchezacheza. Likisogea zaidi ya takriban mikroni 150, badala ya mfupa hujengeka nyama ya kovu, na utando uwe mzuri vipi hautaokoa. Magongo atayaacha daktari akisema, si kabla. Karakana isubiri. Kama anavuta sigara, aache tangu sasa.

Binti_Kondoa
Nami nina selimundu, dada, nimeshabadilishiwa. Daktari wa damu na wa mifupa wakae pamoja kabla ya upasuaji: kiwango cha damu, maji ya kutosha, asipate baridi, na maambukizi yachungwe sana. Muulizeni pia kama picha inaonyesha njia ya uboho ndani ya paja imeziba. Kwetu wenye selimundu mfupa huweza kuwa mgumu ndani, na kuupasua wakati wa kuchimbia shina ni rahisi. Mpeni pole kijana.

Dada_Nkuhungu
Mungu awabariki. Kesho nakwenda kuuliza kama seramiki ile ni ya kichwa au ya utando, nikirudi nitampigia baba mdogo mwenyewe. Swali la mwisho: akihitaji kipimo cha MRI baadaye, itakuwaje?

Msaidizi_Theatre
Titani haivutwi na sumaku kama chuma cha kawaida. Kwa kawaida anapimwa, ila aseme mapema, na picha ya karibu na nyonga itavurugika kidogo. Siku ya upasuaji ombeni stika za kipandikizi zibandikwe kwenye faili, na ninyi mbaki na nakala. Akihitaji marekebisho miaka ijayo, daktari yeyote atajua ni aina gani na saizi gani.