Mbwa anarukia wageni na kufukuza kuku wa jirani, nifanyeje?

bosi_wa_getini: Wakuu habari, nina dume chotara wa jemani shepadi, miezi mitano, nilimchukua alinde nyumba. Shida akiona mgeni anamrukia na miguu yake ya matope na juzi kaingia kwa jirani kakimbiza kuku balaa, shamba boi anasema dawa ni fimbo tu. Kweli?

mama_simba: Fimbo hapana! Utapata mbwa anayekuogopa wewe na bado anaruka wageni. Akiruka mpe mgongo, usimwangalie wala kumsemesha, miguu yote minne ikitua chini ndo umpe kipande cha utumbo wa kuku uliochemshwa, hapo hapo, ukichelewa hajui unampongeza kwa lipi. Na wageni waambie, maana mmoja akimchekea mnaanza upya.

fundi_wa_mbwa: Hivi anashinda kwenye mnyororo? Maana wengi wetu tunafunga kutwa halafu usiku tunaachia, mbwa hajui watu hajui kuku, lazima apagawe. Mtembeze asubuhi na kamba, mpitishe mbali na kuku, akitulia msogeze kidogo. Na ziba huo uzio bana

dr_kijijini: Chanjo ya kichaa je? Kuanzia miezi mitatu anachomwa, kisha kila mwaka, muone afisa mifugo wa kata. Akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo.

bosi_wa_getini: Asanteni, chanjo bado, kesho naenda. Jirani naye anadai jogoo wake kagoma kuwika 😂