Watazamaji wa maigizo Dodoma, hebu niambieni mlikuwa mnacheka nini

Wakuu, heshima kwenu. Nimejizuia wiki nzima nisije kutoa povu humu, nimeshindwa. Wenye kazi ya kupima povu la watu leteni ndoo kabisa, beseni halitatosha.

Mimi ni mtu wa nyuma ya pazia kwenye kikundi kimoja cha maigizo hapa mjini. Taa, vifaa vya jukwaani, kumsukuma mwigizaji atoke zamu yake ikifika, hayo ndiyo yangu. Jumamosi iliyopita tulikuwa na onyesho kwenye ukumbi ambao siutaji. Igizo letu linahusu ukeketaji wa watoto wachanga. Kwa asiyefuatilia mambo haya: sheria ya mwaka 1998 ilipiga marufuku kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na kuna watu ambao badala ya kuacha waliamua kuwahi. Mtoto anakatwa angali mchanga, hasemi, hana mwalimu wa kumgundua, hana rafiki wa kumsimulia. Na kisingizio cha huku kwetu Dodoma na Singida mnakijua: lawalawa. Kichanga kikipata maambukizi sehemu za siri, kinalia kikikojoa, bibi anatamka kwamba ni lawalawa na dawa yake ni moja tu.

Tukio lenyewe liko hivi. Wanawake wawili wanashika kanga wameitandaza kama pazia, nyuma yake yupo ngariba na kichanga. Hatuonyeshi kitu. Ngoma inapigwa, inakatika ghafla, kinasikika kilio cha mtoto. Kilio hicho anakitoa dada mmoja wa kikundi chetu, na kakifanyia mazoezi mpaka majirani wa pale tunapofanyia mazoezi waliwahi kuja kuuliza kuna nini. Halafu kimya. Halafu mama wa mtoto anasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba ngariba kaitwa na yeye mwenyewe, kwa kuwa aliambiwa ni lawalawa. Igizo zima limeegemea hapo. Ukiyakosa maneno yale, hutajua kwa nini mpaka mwisho yule mama anashindwa kumtazama mumewe usoni.

Hamkuyasikia. Kilio kilipoanza tu, kijana mmoja wa viti vya katikati akakiitikia: "Ng'aa! Ng'aa!" Ukumbi ukavunjika mbavu. Mwingine naye hakutaka kupitwa: "Mpeni nyonyo huyo!" Basi ikawa kicheko juu ya kicheko, watu wanapigana mabegani, wengine wamesimama kabisa wamtafute huyo mchekeshaji kwa macho. Mama wetu pale jukwaani alisubiri, akasubiri, mwisho akayasema maneno yake ndani ya zogo. Na baada ya onyesho watu walewale wananifuata mlangoni: "Kaka, kazi nzuri, ila haieleweki." Haieleweki! Ungeielewa saa ngapi na wewe ulikuwa unamsaidia mtoto kulia?

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 uliikuta Dodoma ni ya pili nchini baada ya Manyara: asilimia 47 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Sasa piga hesabu ya ukumbi ule. Mlipokuwa mnapigana mabegani, kiti cha pili kutoka kwako alikaa nani? Nyuma yako? Mama uliyekuja naye?

Msije hapa na ule utetezi wa "watu hucheka kwa aibu". Kicheko cha aibu nakifahamu, nimekisikia mara nyingi nikiwa nimeshika swichi za taa. Ni kifupi, kinafichwa na kiganja, mtu anatazama chini. Kile cha Jumamosi kilikuwa cha watu waliokuja kucheka na wakawa wanasubiri wapi pa kuanzia.

Wala msiniambie nataka watu wakae kama wako msibani kwa wazungu. Sitaki ukimya wa aina hiyo na sijawahi kuudai. Mtu aliyekulia kwenye "Paukwa!" akajibu "Pakawa!" hawezi kugeuka sanamu kwa sababu kakata tikiti. Nenda Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, muziki wa Wagogo, uone. Wanawake wanapiga ngoma za muheme, bibi anatoka kwenye kundi la watazamaji anaingia uwanjani, vigelegele vinatoka kila upande, na huoni mtu amekaa kimya. Lakini hebu mwangalie yule bibi: anajua pa kuingilia na anajua pa kutokea. Anaisikiliza ngoma kwanza.

Igizo hilihili tumelipeleka Mvumi, mchana, chini ya mti, hakuna kiti wala taa. Pale watu walipiga kelele kuliko nyinyi! Mzee mmoja alimjibu mume wa kwenye igizo moja kwa moja, akamwambia aache kujifanya hajui yanayotendeka nyumbani kwake, na mwigizaji wetu akageuka akamjibu, wakabishana, igizo likapanda mahali ambapo mtunzi mwenyewe hakuliwaza. Aliyecheza ngariba alitukanwa vizuri tu. Tulipomaliza watoto wakawa wanamfuata nyuma wakimzomea, ikabidi avue ule ushanga na vitenge ndipo wamwache apande gari. Ile ndiyo raha ya kazi hii. Kilio kilipotoka nyuma ya kanga, lakini, uwanja wote ulinyamaza. Hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni ushamba. Washamba wako mjini, wana tikiti mkononi na kitambulisho cha kazi shingoni.

Mimi nina maoni yangu kuhusu ilikoanzia tabia hii ya kucheka kila kitu. Miaka ya themanini na tisini vikundi vya sanaa kama Muungano na TOT (Tanzania One Theatre) vilikuwa vinakupa usiku mmoja ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarabu, na wewe uko baa na bia yako mezani. Igizo lilitakiwa lishindane na chupa, kwa hiyo lilipiga kelele, likaongeza makeke. Siwalaumu, walikuwa wanakula kwa jasho lao na walikuwa mafundi. Halafu vikaja vichekesho vya kwenye runinga. Mzee Majuto, Mungu amrehemu, watu walikuwa wanacheka kabla hajafungua mdomo, na alistahili, alikuwa amekisotea kicheko kile miaka mingi. Kilichobaki kwetu ni kwamba mtu yeyote anayepanda jukwaani anahesabiwa mchekeshaji mpaka athibitishe vinginevyo. Akianguka, kicheko. Akivaa kaptula ya kizee, kicheko. Akilia, ndiyo kabisa. Na kuna waigizaji wenzetu wanaolipenda hilo, tusifichane. Tukio likipoa kidogo anachomekea kituko ambacho hakimo, anapigiwa makofi, kesho analalamika kwamba watazamaji hawako makini.

Mfano huu hapa. Kwenye tukio la mazishi, bwana mmoja mnene kiasi akatoka kwenye meza yake, akapanda jukwaani taratibu kama yuko kwenye taarabu, akambandika maiti noti ya elfu kumi usoni. Maiti! Na maiti akacheka. Mimi nyuma ya pazia nilitaka kuzima taa zote nikalale. (Ile elfu kumi tuligawana nauli, sikatai.) Kutunza ni kitu kizuri na wasanii tunakihitaji kuliko mnavyodhani, lakini jamani, marehemu?

Halafu mgeni rasmi. Hili ni la Dodoma hasa, na wenyeji mtanielewa. Hapa hata ufunguzi wa tundu la choo una mgeni rasmi. Wa Jumamosi alifika tukiwa tumeshaingia tukio la tatu. MC akachukua maiki, akasimamisha igizo, waigizaji wameganda jukwaani, "itifaki imezingatiwa", wageni wanatambulishwa mmoja mmoja, mstari wa mbele unaamshwa kuwapisha wapambe. Kisha MC huyohuyo anasema, "Haya wasanii wetu, endeleeni kutuburudisha." Kutuburudisha. Na igizo ni la ukeketaji. Mnamlaumu kijana wa "ng'aa" na MC mwenyewe kashatangaza kuwa ni burudani? Mgeni rasmi alikaa kidogo, akapigwa picha, akaondoka, na robo ya ukumbi ikaondoka naye, kwa sababu walimfuata yeye. Viti vinaburuzwa, wahudumu wanapita na soda, na jukwaani mtu anaomba msamaha kwa mkewe.

Nikiwa kwenye viti na soda: mji huu ulitangazwa makao makuu mwaka 1973, ukawa jiji 2018, na sisi bado tunaigizia kwenye kumbi za harusi. Ukumbi wa harusi umejengwa ili watu waonane na wale. Taa zinaelekea kwa wageni, feni zinapiga kelele, jukwaa ni la keki. Sisemi zaidi, uzi wa majengo utakuja siku nyingine.

Simu nazo. Kwenye kibanda umiza, kule kwenye vibanda vya video vya mtaani, umezoea kuongea na filamu, unamwonya staringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango, sawa, yule hakusikii. Huyu wa jukwaani anakusikia. Anaona tochi ya simu yako. Nikizima taa ili giza liingie, mwanga wa simu moja unatosha kuharibu kila kitu. Na kile kilio mmekirekodi, mmekata sekunde chache, mmeweka vikatuni vya kucheka, kinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Yule dada ana wazazi. Baba yake kaletewa kipande kile na mtu wa kazini kwake. Hajui igizo linahusu nini, anachokiona ni binti yake analia kama mtoto na watu wanamcheka. Dada hajaja mazoezini tangu siku ile na mimi sina la kumwambia.

Lakini lililonichoma kuliko yote lilikuja mwisho. Maonyesho ya namna hii huwa na mjadala baadaye, ndiyo maana yake. Mapema miaka ya themanini kina Penina Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, kule Mwanza, wakakaa na wanakijiji juu ya mimba za wanafunzi. Watu walichambua tatizo lao, wakaliigiza, wakajadiliana. Sauti ya mtazamaji ilikuwa sehemu ya kazi. Sasa Jumamosi tukasema, haya, maiki hii hapa, semeni. Kimya. Wale mabingwa wote wa kelele, kimya. Mmoja aliuliza kama kuna chakula.

Ndipo akasimama mama mmoja wa makamo huko nyuma. Akashika maiki kwa mikono miwili. Akasema, "Mimi wa kwangu…" akasita. Na mtu akacheka. Sijui alicheka nini, labda alikuwa anaangalia simu, sijui na sijali. Yule mama akairudisha maiki kwa kijana wetu, akachukua mkoba, akatoka. Tulimkimbilia mpaka barabarani, alikuwa ameshapanda bodaboda.

Sasa njooni mniambie nina hasira za bure.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Aliyesema "nimelipa elfu tano yangu, nacheka nikitaka", na mwanamke wa pembeni yako kalipa elfu tano ileile, na hakulipa ili akusikilize wewe.

Aliyeuliza kwa nini MC asiondolewe: MC analetwa na mwenye shughuli, siyo na sisi. Tumeshamwandikia mwenye shughuli. Onyesho lijalo tunalifanya wenyewe, bila MC, bila soda ndani. Simu zitabaki getini kwenye mfuko wenye namba ya tikiti yako, usiyetaka unarudishiwa hela yako hapohapo. Tukishaanza, anayechelewa atasimama nyuma mpaka tukio liishe, awe na msafara asiwe nao.

Na mdau uliyesema una spika mbili na unaweza kuja bure, njoo inboksi, tuko siriasi.