Laki saba kwa kompyuta mpakato ya chama: ninunue mpya au iliyotumika?

Karani wa Kibosho

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa huku Kibosho, na bodi yetu imeidhinisha shilingi 700,000 za kununua kompyuta mpakato itakayochukua nafasi ya ile ya zamani, ambayo betri yake haikai na chaji na kioo chake kimeanza kuchora mistari. Kazi zenyewe ni za kawaida: daftari la wanachama kwenye Excel pamoja na kilo walizoleta, malipo ya awali na malipo ya pili, barua kwa halmashauri na benki, taarifa za mkutano mkuu, barua pepe, na mara chache kikao cha mtandaoni. Kinachonipa wasiwasi ni mazingira. Umeme hukatika mara kwa mara, mashine itapakiwa kwenye bodaboda kwenda Moshi mjini na kurudi, na wakati wa kiangazi vumbi la barabarani huingia hadi kwenye makabati yaliyofungwa.

Nimezunguka madukani mjini na nimeonyeshwa njia mbili. Duka la kwanza lina mashine mpya ndani ya boksi, yenye prosesa ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, na inakuja na dhamana ya mwaka mmoja. Duka la pili lina EliteBook na ThinkPad zilizotumika Ulaya, zenye prosesa ya Intel i5, RAM ya GB 8 na SSD (diski ya chipu, isiyozunguka), kwa bei inayokaribiana na ile, lakini dhamana yake ni ya mwezi mmoja, tena ya mdomo. Wajumbe wawili wa bodi wanasema fedha za wanachama haziwezi kununua mtumba. Naomba hoja ambazo ninaweza kuziweka mezani mbele yao, ziwe za kuwaunga mkono au za kuwapinga.

Fundi wa Majengo

Ndugu Karani, salaam. Ninatengeneza kompyuta hapa Majengo, Moshi, kwa hiyo nitasema ninachokiona mezani kwangu. Wasiwasi wa wajumbe wako ni wa haki, kwa sababu fedha ni za watu, lakini upya wa mashine hauwaambii imejengwa vipi. Hiyo ya Celeron imejengwa ili bei iwe ndogo. Hifadhi ya GB 64 katika mashine za aina hiyo kwa kawaida ni eMMC, yaani chipu iliyochomelewa kwenye ubao mkuu. Ikifa, haichomolewi na kuwekwa nyingine kama ilivyo kwa SSD, na mara nyingi RAM nayo imechomelewa vivyo hivyo, hivyo GB 4 za leo ndizo utakazobaki nazo hadi mwisho wa maisha yake. Windows 11 yenyewe inataka angalau RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Maana yake ni kwamba mashine hiyo inatoka kwenye boksi ikiwa imegusa masharti ya chini kabisa, na masasisho makubwa yakija itakosa nafasi ya kuyapokea huku ofisi ikimsubiri karani, na karani akisubiri kioo.

EliteBook za HP, ThinkPad za mfululizo wa T za Lenovo na Latitude za Dell zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni yanayonunua nyingi kwa mpigo na yenye mafundi wao wenyewe, na ndiyo maana nyingi hufunguka kwa bisibisi ya kawaida na vipuri vyake hupatikana. Makampuni hayo huziondoa baada ya miaka michache kwa ratiba ya matumizi, hata zikiwa bado nzima. Watengenezaji huzipitisha pia katika majaribio ya kiwango cha jeshi la Marekani kinachoitwa MIL-STD-810G, yanayohusu mtikisiko, vumbi, joto na unyevu. Hiyo si ahadi kwamba itapona ikidondoka kutoka kwenye bodaboda, ila ni alama ya namna bawaba na fremu zake zilivyofikiriwa.

Jambo ambalo ningelisimamia kuliko yote ni kizazi cha prosesa. Usitosheke ukiambiwa tu kwamba ni i5. Prosesa za kizazi cha nane, ambazo Intel ilianza kuzitoa mwaka 2017, ndizo zilizoleta viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja ndani ya prosesa, katika i5 za mashine nyembamba za ofisini: i5-7300U ina viini viwili, i5-8350U ina vinne. Tena Windows 11, ukiacha prosesa chache, inakubali rasmi Intel kuanzia kizazi hicho cha nane, na Windows 10 iliacha kupata masasisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Jina la modeli halitoshi kukuhakikishia jambo hili, kwa sababu ThinkPad T480 na Latitude 7490, kwa mfano, ziliuzwa nyingine zikiwa na kizazi cha saba na nyingine cha nane. Andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, kisha soma mwenyewe namba inayofuata baada ya i5. Ikianza na 8 au zaidi ya hapo, endelea na ukaguzi. Ikianza na 6 au 7, iache hata kama mwili wake unang'aa.

Ukaguzi wenyewe ufanye dukani, bila haraka, ukiwa na simu yenye bando. Iwashe mashine ikiwa imezimwa kabisa, uingie kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ya msingi inayotangulia Windows: kwa HP ni kitufe cha F10, kwa ThinkPad ni F1, kwa Dell ni F2. Ikikudai nenosiri ambalo muuzaji hana, rudisha mashine mezani, kwa maana nenosiri la msimamizi kwenye ThinkPad ni kazi ngumu hata kwa fundi. Kisha mwombe muuzaji airejeshe Windows katika hali ya mwanzo na uiunganishe na intaneti ya simu yako. Ikikuletea jina la kampuni ya ng'ambo na kukutaka uingie kwa akaunti ya kazini, bado imeandikishwa kwa mwenye nayo wa awali, na siku yoyote inaweza kukufungia nje. Kurejesha Windows huchukua muda na wauzaji wengi hawapendi, lakini anayekataa kabisa amekwisha kukusaidia kuamua.

Kwa betri, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport. Utapata ripoti yenye ujazo wa betri ilipotoka kiwandani na ujazo inaoweza kubeba sasa. Ikiwa ujazo wa sasa uko chini ya nusu ya ule wa awali, omba bei ipunguzwe kwa thamani ya betri mpya. Pitisha kiganja juu ya padi ya kipanya: ikiwa imeinuka au haibonyezeki sawasawa, huenda betri imevimba chini yake, na mashine hiyo si ya kubeba mgongoni. Mengine ni ya macho na masikio, yaani bawaba, kila kitufe, kila tundu la USB, kamera, kioo kikiwa cheupe kitupu, na sauti ya feni baada ya video ya nusu saa.

Mhasibu wa Njiro

Nakubaliana na Fundi kuhusu ubora wa mashine, lakini ninaomba tusiwapuuze wajumbe wale wawili, kwa sababu wanachokiogopa si mtumba peke yake. Chama cha ushirika hukaguliwa hesabu, na mkaguzi kutoka COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, hataangalia idadi ya viini vya prosesa. Ataangalia uamuzi uliandikwa wapi, bei zililinganishwa vipi, risiti iko wapi na mali yenyewe iko wapi. Kununua kilichotumika hakumzuii mtu kufuata taratibu. Chukua bei za maandishi kutoka maduka kadhaa, zikionyesha modeli, prosesa, RAM na hifadhi, ziingie kwenye muhtasari wa kikao. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, yenye jina la chama, na udai namba ya utambulisho ya mashine (serial number) iandikwe kwenye hati ya mauzo, ili siku moja mtu asije akaibadilisha na nyingine inayofanana nayo. Dhamana ya mdomo isikubaliwe kabisa. Duka linalojiamini halishindwi kuandika mistari mitatu kwenye karatasi yenye muhuri, ikieleza muda, vitu vinavyohusika, na kama watatengeneza, watabadilisha au watarudisha fedha.

Ninalolipinga katika mazungumzo haya ni dhana kwamba laki saba zote ni za mashine. Kilicho na thamani katika ofisi yako, Ndugu Karani, ni daftari la wanachama. SSD inaweza kufa bila dalili yoyote, na ikifa katikati ya msimu kabla ya malipo ya pili, hakuna dhamana ya duka itakayorudisha kilo za mwanachama hata mmoja. Tenga sehemu ya fedha kwa ajili ya diski ya nje, ambayo itahifadhiwa mahali pengine na si kwenye mkoba mmoja na kompyuta, na ujiwekee utaratibu wa kunakili kila siku ya kupokea kahawa. Nakala nyingine iende mtandaoni kila unapopata intaneti nzuri. Mimi ningechagua mashine ya bei ya chini kidogo pamoja na diski hiyo, kuliko mashine bora inayosimama peke yake.

Na ikiwa bodi itashikilia kwamba lazima iwe mpya, basi waambieni waziwazi kwamba fedha hazitoshi, na wasubiri hadi ipatikane mashine yenye RAM ya GB 8 na SSD ya kuchomoa. Ile ya GB 4 na 64 itawarudisha dukani mapema.

Mwalimu Mstaafu wa Tengeru

Ninaongeza jambo moja ambalo wauzaji hulifunika kwa stika. Mashine nyingi hutoka Ujerumani, na kibodi zake zimebadilishana nafasi za Z na Y. Kwa Kiswahili hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu ukiandika kwa mazoea "mali za chama", kioo kitaandika "mali ya chama", na hakuna programu ya kukagua tahajia itakayokuonya, kwa kuwa maneno yote mawili ni sahihi. Unaweza kubadilisha mpangilio ndani ya Windows, lakini maandishi ya juu ya vitufe yatabaki kumdanganya kila mgeni atakayekaa hapo, na stika huchakaa. Tafuta kibodi ya Kiingereza. Mashine zilizotoka Uingereza zina faida nyingine ndogo, kwamba plagi yake ya pini tatu inaingia moja kwa moja kwenye soketi zetu; zilizotoka kwingineko hubadilishwa waya tu, kwa kuwa chaja nyingi za kompyuta hizi hupokea volti 100 hadi 240.

Karani wa Kibosho

Mwalimu, shikamoo, na ahsanteni nyote. Nimerudi mjini na maelezo yenu mkononi. Muuzaji mmoja amekubali kuandika dhamana ya miezi mitatu na kutoa risiti ya EFD. Anazo ThinkPad T480 yenye i5-8350U, EliteBook 840 G5 yenye prosesa hiyo hiyo, na EliteBook 840 G3 ambayo bei yake ni nafuu sana. Wajumbe sasa wanavutwa na hiyo G3, kwa sababu fedha itakayobaki ingetosha diski ya nje na chenji. Je, kwa mazingira yetu ya umeme, ipi inafaa?

Fundi wa Majengo

Iacheni G3. Hiyo ni ya kizazi cha sita, hivyo haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na mashine yenye taarifa za malipo ya watu haifai kukaa kwenye mtandao bila masasisho ya usalama. Ingeweza kuishi vizuri kwa mfumo wa Linux Mint badala ya Windows, na programu za ofisi za LibreOffice, lakini kama mafaili yenu yamejengwa kwa Excel na wakaguzi huyapokea hivyo, mtajitafutia kazi ya ziada.

Kati ya mbili zilizobaki, zote zina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo mnaweza kuanza na GB 8 na kuongeza baadaye. Kwa umeme wa huko juu mimi ningechukua T480, kwa sababu ina betri mbili: moja ndani na nyingine nyuma inayochomolewa kwa mkono, na unaweza kubadilisha ya nyuma kazi ikiendelea, kwa kuwa ya ndani huishikilia mashine. Hakikisha ripoti ya betri inazionyesha zote mbili. Lipo jambo la kulikagua kwenye T480: huchajiwa kwa USB-C peke yake, na Lenovo yenyewe ilikiri kwamba programu ya ndani ya tundu hilo kwenye ThinkPad kadhaa za miaka ile ilikuwa na kasoro inayoweza kuliharibu tundu, ikatoa sasisho la kuirekebisha. Chomeka chaja kwenye tundu la kwanza, kisha la pili, uone kama yote mawili yanachaji, na mkishaifikisha ofisini mwekeeni sasisho hilo kabla ya kazi nyingine. Tundu moja likiwa limekufa, chukueni 840 G5 bila majuto. Betri yake ni moja, iko ndani, lakini hubadilishwa kwa kufungua mfuniko wa chini.

Umeme ukikatika, chomoa chaja, na ukirudi subiri dakika chache utulie kabla ya kuichomeka tena. Betri nzima inakupa nafasi hiyo. Kwenye bodaboda ibebwe ikiwa imezimwa kabisa, isiwe imelala tu, kwa sababu mashine iliyolala ikiamka ndani ya mkoba huchemka bila pa kutolea joto. Vumbi la kiangazi likiisha, ileteni kwa fundi yeyote aliye karibu nanyi aifungue, asafishe feni na kubadilisha paste ya prosesa.